Lundo la chenga za chuma: namna ya kulipima na kulifinyanga peleti kabla hujanunua mtambo

Tanuri refu la chuma linapumua. Hewa ya moto hupulizwa kwa chini, ikapanda kati ya mawe ya madini, koki (makaa ya mawe yaliyookwa bila hewa) na mawe ya chokaa. Gesi inayozaliwa njiani ndiyo inayoyanyang'anya madini oksijeni yake mpaka kibaki chuma. Mawe yakiwa na ukubwa wa sentimita moja hadi tatu, gesi hupita bila shida. Ukimimina unga, umeliziba pumzi. Gesi itatafuta upenyo mmoja, itoke kwa nguvu ikibeba vumbi, na sehemu nyingine ya tanuri ibaki mbichi. Ndiyo maana chenga nyingi za madini ya chuma hutupwa hata kama chuma kimejaa ndani yake.

Na lundo lililotupwa halitulii. Tarehe 25 Januari 2019 bwawa la marudio ya madini ya chuma, yaani tope linalobaki madini yakishasafishwa, lilibomoka Brumadinho, Brazil, na watu 270 wakafa. Novemba 2015, katika jimbo hilohilo la Minas Gerais, bwawa la Fundão lilikuwa limeua watu 19 na kumwaga tope kwenye mto Doce mpaka baharini. Kwangu mimi, kuifanya tani moja ya marudio kuwa chakula cha tanuri ni kuipunguza nyuma ya ukuta ulio juu ya nyumba za watu. Faida ya fedha inafuata baada ya hapo.

Mwongozo huu ni kwa fundi wa maabara, mwanafunzi au mwenye lundo anayetaka kujua kama chenga zake zinafaa kufanywa peleti, yaani madonge madogo ya unga wa madini yaliyochomwa mpaka yakawa magumu. Utahitaji kilo 50 za sampuli, vifaa vya kawaida, na tanuri dogo la maabara linalofika nyuzi 1,300 za Selsiasi. Hautakufundisha kujenga kiwanda. Utakuzuia kununua mashine kwa ajili ya lundo lisilofaa.

Kabla ya yote, vaa barakoa ya vumbi yenye kichujio. Chenga nyingi za chuma zina silika, na vumbi laini la silika huharibu mapafu yasipone tena. Mwagia maji kila unapochimba au kuchekecha.

Hatua ya 1: Litambue lundo

Chukua kigae kisichong'arishwa, ule upande wa nyuma wa malumalu unafaa, ukwaruze nacho kipande cha madini. Mstari mwekundu wa damu ya mzee ni hematiti. Mweusi ni magnetiti, na hiyo itanaswa na sumaku ya kawaida. Ukiwa wa manjano au kahawia ya kutu, una gothaiti, ambayo imebeba maji ndani ya fuwele zake na itapungua uzito ikichomwa. Hematiti safi kabisa ina chuma asilimia 69.9, magnetiti 72.4, gothaiti 62.9. Hakuna lundo litakalozidi hapo, na anayekuahidi hematiti yenye asilimia 75 anakudanganya.

Kama unachonacho ni magamba, yaani yale maganda meusi yanayodondoka nondo zinapopitishwa kwenye roli za kiwanda, una mali nzuri: chuma ni karibu asilimia 70. Tatizo lake ni mafuta ya mashine, ambayo lazima yaondolewe kwanza. Vumbi linalokusanywa kwenye vichujio vya tanuri za umeme zinazoyeyusha vyuma chakavu ni jambo jingine. Lina zinki, na mara nyingi risasi. Ndani ya tanuri refu zinki hugeuka mvuke, hupanda, kisha huganda kwenye kuta. Usilichanganye na chenga zako.

Sasa chekecha. Chenga za kati ya milimita 0.15 na 6 kwa kawaida hufanywa sinta: huchanganywa na koki iliyosagwa, hutandazwa juu ya wavu unaotembea, huwashwa juu huku hewa ikivutwa kwa chini mpaka zishikane kama mkate uliokauka. Unga ulio chini ya milimita 0.15 ndio wa peleti, kwa sababu kwenye sinta huziba hewa. Kiasi kidogo cha chochote kati ya hivyo kinaweza kufanywa vitofali. Sinta haitoki vizuri kwenye kazi ndogo, kwa hiyo mwongozo huu unafuata peleti, na vitofali nitavigusa mwishoni.

Hatua ya 2: Chukua sampuli kama mtu atakayeulizwa

Hapa ndipo kazi nyingi hufia. Niliwahi kupeleka maabara ndoo iliyochotwa juu ya lundo tu, nikarudi na jibu zuri, nikafurahi. Tulipochimba mita moja chini tukakuta mchanga mtupu. Nilikuwa nimepima ganda.

Lundo hujipanga lenyewe. Ukimwaga mchanganyiko kutoka kwenye lori, vipande vikubwa huviringika mpaka chini na unga hubaki katikati. Kwenye bwawa, chembe nzito na kubwa hutua karibu na mdomo wa bomba, na tope laini huenda mbali. Kwa hiyo pima eneo kwa kamba, weka alama kwa umbali ulio sawa, chimba shimo katika kila alama, na chota kilo tano kwa kila mita ya kina. Andika namba ya shimo na kina kwenye mfuko kabla ya kuujaza. Usichimbe kabisa ukuta wa bwawa wala kitako chake, hata ukionekana mkavu, na usiingie bila kibali cha mwenye leseni.

Mwaga mifuko yote kwenye turubai safi, changanya kwa koleo mara tatu, fanya kichuguu, kibonde kiwe kama chapati, kikate robo nne. Tupa robo mbili zinazotazamana, changanya zilizobaki, rudia mpaka upate kiasi unachohitaji. Ni kazi ya kuchosha mgongo, lakini hakuna mashine itakayookoa sampuli mbovu.

Kadiria pia ukubwa wa lundo. Likiwa na umbo la pia lenye nusukipenyo cha mita 10 na kimo cha mita 4, ujazo wake ni mita za ujazo karibu 419. Jaza ndoo ya lita 20 uipime ili ujue uzito wa kila mita ya ujazo. Ukipata tani 2.2, lundo lina tani 920 hivi. Hiyo ni mizigo ya malori kama thelathini, na tayari inakuambia kwamba hapo hapajengwi kiwanda.

Hatua ya 3: Soma karatasi ya maabara mpaka chini

Peleka sampuli kwenye maabara inayoaminika. Kwa Tanzania, Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini iliyoko Dodoma hupima sampuli za watu. Omba chuma, silika, alumina, fosforasi, salfa, titani, potasiamu, sodiamu, zinki, na upungufu wa uzito wakati wa kuchomwa.

Wengi husoma asilimia ya chuma wakaishia hapo. Fosforasi haitoki kwenye tanuri refu: karibu yote huingia ndani ya chuma na kukifanya kivunjike kwenye baridi. Alumina nyingi hufanya takamaji, yaani uchafu wa madini ulioyeyuka, kuwa nzito kama uji uliolala. Potasiamu na sodiamu hula matofali ya tanuri.

Titani inahitaji neno lake, kwa sababu inatuhusu. Madini ya Liganga, wilayani Ludewa, ni magnetiti yenye titani na vanadi. Titani ikiwa nyingi ndani ya tanuri refu hutengeneza chembe ngumu zinazoganda kwenye takamaji na kuifanya isitiririke. Panzhihua, China, wamejifunza kuendesha matanuri hayo kwa madini ya namna hiyo. Witbank, Afrika Kusini, walichagua njia nyingine ya tanuri la kuzunguka likifuatwa na tanuri la umeme. Kwa hiyo chenga za Liganga zinaweza kufinyangwa peleti nzuri kabisa kwa macho, na bado zikataliwe na mnunuzi mwenye tanuri la kawaida. Hematiti ya Muko, kusini magharibi mwa Uganda, haina mzigo huo.

Kwa tanuri refu, lenga peleti yenye chuma zaidi ya asilimia 62. Kwa matanuri ya gesi yanayotoa chuma cha sponji bila kukiyeyusha, wanunuzi hutaka kama 67, kwa sababu uchafu wote hubaki ndani.

Hatua ya 4: Ondoa mchanga

Lundo likiwa chini ya viwango hivyo, lisafishe. Chuma ni kizito: magnetiti ina uzito mara 5.2 ya maji, mchanga wa kwatsi mara 2.65 tu. Meza ya kutikisa au mfereji wa mzunguko, vifaa ambavyo wachenjuaji wa dhahabu wanavifahamu, vitatenganisha chembe kubwa. Kwa magnetiti, sumaku inatosha. Weka sumaku kali ndani ya mfuko wa plastiki, ikoroge kwenye beseni la unga na maji, itoe, vua mfuko juu ya beseni la pili. Rudia mpaka maji ya kwanza yasitoe kitu.

Maabara hufanya kipimo hichohicho kwa bomba la kioo linaloitwa Davis, jina la Edward W. Davis wa Chuo Kikuu cha Minnesota. Mzee huyo alianza mwaka 1913 kuhangaika na takonaiti, mwamba mgumu wa Mesabi, jimboni Minnesota, Marekani, ulioonekana hauna thamani, na ilipita miaka 40 hivi kabla kiwanda kikubwa cha peleti hakijasimama Silver Bay katikati ya miaka ya 1950. Hematiti, ambayo usumaku wake ni dhaifu, hainaswi na sumaku ya mkono. Inahitaji mashine za sumaku kali sana.

Pima ulichopata kwa hesabu. Tuseme lundo lina chuma asilimia 40, ulichokisafisha kina 65, na mchanga uliotupwa una 18. Toa 18 kwenye 40, upate 22. Toa 18 kwenye 65, upate 47. Gawa 22 kwa 47: tani 100 za lundo zitakupa tani 47 za kuuza. Zidisha 47 kwa 65, gawa kwa 40, utaona umeokoa asilimia 76 ya chuma. Kilichobaki kimeondoka na mchanga.

Na huo mchanga unaenda wapi? Silver Bay waliumimina ndani ya Ziwa Superior, takribani tani 67,000 kwa siku, mpaka nyuzi zinazofanana na asbesto zikaonekana kwenye maji ya kunywa ya mji wa Duluth mwaka 1973. Kesi ikasikilizwa, na mwaka 1980 mchanga ukahamishiwa nchi kavu. Amua mahali pa mchanga wako kabla ya kufungua bomba.

Hatua ya 5: Saga

Unga wa peleti lazima uwe laini kama saruji: angalau asilimia 80 ipite kwenye chekeche ya mikroni 45, yaani milimita 0.045. Kinu kidogo cha gololi kinatosha. Fahamu tu kwamba hatua hii ndiyo inayokula umeme, kwa hiyo marudio ambayo tayari ni laini yana thamani ambayo karatasi ya maabara haionyeshi.

Hatua ya 6: Changanya na gundi

Gundi ya kawaida ni bentonaiti, udongo unaovimba ukilowa. Kwa kilo 10 za unga mkavu weka gramu 70. Usiongeze kwa moyo mkunjufu, maana bentonaiti yenyewe ni silika na alumina, na kila asilimia moja inashusha chuma chako kwa karibu 0.6. Chokaa iliyozimwa hufanya kazi pia. Wanga wa muhogo hutoa donge bichi imara, ila huungua mapema ndani ya tanuri na kuliacha donge bila mshikizo kabla ya moto mkali kulifikia. Ukiutumia, uchanganye na bentonaiti.

Changanya vikiwa vikavu kwanza, mpaka rangi iwe moja. Kisha nyunyiza maji mililita 750 na usugue kwa mikono, ukiponda kila bonge. Funika kwa nusu saa bentonaiti inywe.

Hatua ya 7: Finyanga madonge

Unahitaji sahani ya chuma yenye kingo, kipenyo cha nusu mita, imeinama nyuzi 45, inazungushwa na mota ya kupunguza mwendo. Kwa vipimo hivyo, ikifika mizunguko 50 kwa dakika unga hugandamana na ukingo na kuzunguka nao bila kuanguka. Kwa hiyo iendeshe kati ya 30 na 37. Huna sahani? Tairi lililosimamishwa wima na kuzungushwa taratibu, ukilisha unga ndani ya mkunjo wake, hufanya kazi. Maabara za peleti za Michigan zimetumia tairi la ndege kwa miaka mingi.

Mimina konzi chache za unga, nyunyiza maji kwa chupa ya kupulizia mpaka zitokee mbegu kama punje za mtama. Kuanzia hapo fuata kanuni moja: maji yaangukie kwenye madonge, unga uangukie kwenye madonge yaliyolowa. Donge huviringika, hulowa, huokota unga, hukandamizwa, kisha maji ya ndani hujitokeza tena juu. Sikiliza. Madonge mazuri yanagonga sahani kwa sauti kavu ya punje. Yakianza kunata na kung'aa, maji yamezidi: acha chupa, ongeza unga. Yakiwa na mikwaruzo na yanavunjika, yana kiu.

Kwa kilo 10 za unga utamaliza maji kama lita moja kwa jumla, yaani asilimia 9 ya uzito wa donge bichi. Tofauti ya nusu asilimia tu inaonekana kwa macho. Nimeona watu wakibadilisha gundi mara tatu wakati tatizo lilikuwa vijiko viwili vya maji.

Chekecha na ubakize yaliyo kati ya milimita 9 na 13. Mengine yaponde urudishe.

Hatua ya 8: Jaribu mabichi, kisha kausha

Dondosha madonge kumi, moja moja, kutoka sentimita 45 juu ya bamba la chuma. Hesabu donge linaanguka mara ngapi kabla ya kupasuka. Wastani ukiwa chini ya mara nne, hayatafika tanurini yakiwa mazima. Kisha weka donge juu ya mizani ya jikoni na ulikandamize kwa kipande bapa cha chuma huku ukisoma namba: bichi livumilie kilo moja, kavu kilo mbili au zaidi.

Kausha kwenye nyuzi 105 usiku kucha. Ukilitia donge bichi kwenye moto mkali, mvuke hulipasua kama bisi.

Hatua ya 9: Choma

Magnetiti ikipata hewa na moto hugeuka hematiti, na mageuzi hayo hutoa joto lenyewe. Ndiyo sababu Kiruna, Sweden, wenye magnetiti, wanatumia nishati kidogo kuliko wenye hematiti. Lakini joto hilo lina hila. Ukipandisha moto haraka, ganda la nje huiva na kujifunga, hewa haingii tena, na kiini hubaki cheusi. Peleti hiyo ina mwanya kati ya ganda na kiini, na hupasuka ikiminywa.

Kwa hiyo panda taratibu mpaka nyuzi 900, mlango wa tanuri ukiwa na nafasi ya hewa, na ukae hapo nusu saa. Kisha panda hadi 1,250 au 1,300 kwa dakika 15. Hapo chembe za hematiti huota madaraja na kushikana, na kazi ya gundi imekwisha. Poza polepole. Vunja peleti moja: ndani iwe rangi moja mpaka katikati. Ukiona kiini cheusi kinachovutwa na sumaku, rudia ukikaa muda mrefu zaidi kwenye 900.

Hatua ya 10: Minya, kisha ipe mkaa

Kwa tanuri refu, peleti moja inapaswa kubeba kilo 200 hadi 250 kabla ya kupasuka. Kiwango cha kimataifa, ISO 4700, hudai uminye peleti 60 au zaidi. Usichague nzuri. Mashine ya kuminyia vipande vya zege kwenye maabara ya ujenzi mara nyingi ni kubwa mno na haisomi uzito mdogo kama huu.

Kipimo cha mwisho ni kama peleti inakubali kuwa chuma. Fukia gramu 200 za peleti ndani ya unga wa mkaa kwenye chungu cha udongo chenye kifuniko, choma kwenye nyuzi 1,050 kwa saa nne. Fanya mahali pa wazi: gesi inayotoka ni ileile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa ndani. Acha chungu kipoe kikiwa kimefunikwa, la sivyo chuma cha sponji kitashika oksijeni upya. Kama peleti zina chuma asilimia 65, gramu 200 zina oksijeni ya chuma kama gramu 56. Zikitoka na gramu 152, zimepoteza 48, yaani asilimia 86 ya kazi imefanyika. Tazama pia kama zimevimba. Ujazo ukiongezeka kwa zaidi ya asilimia 20, zitasagika ndani ya tanuri chini ya uzito wa zilizo juu yake.

Kama peleti hazilipi

Magamba na chenga nene hazihitaji moto wa nyuzi 1,300. Changanya na molasi asilimia 4 hadi 5 na chokaa iliyozimwa 2 hadi 3, kandamiza kwenye mashine ya vitofali, anika siku kadhaa kivulini. Vitofali hivyo ni vya tanuri ndogo na za umeme. Kwenye tanuri refu havivumilii uzito. Vilinde na mvua, molasi huyeyuka.

Lundo lenye silika nyingi lisilosafishika nalo lina mnunuzi: viwanda vya saruji huongeza madini ya chuma kwenye mchanganyiko wao, na silika kwao si adui.

Na bei iangalie kwa macho makavu. Minnesota, kampuni ya Magnetation ilianzishwa mwaka 2006 kuchimba marudio ya zamani ya hematiti, ikafungua kiwanda cha peleti Reynolds, Indiana, mwaka 2014. Ufundi ulikuwa sahihi. Mwaka huohuo bei ya madini ya chuma duniani ikaporomoka karibu nusu, na 2015 kampuni ikaomba ulinzi wa mufilisi. Piga hesabu yako kwa nusu ya bei ya leo. Ikibaki na faida, endelea.

Ukienda kwa mnunuzi, beba karatasi moja: tani za lundo, asilimia za maabara, tani zinazobaki baada ya kusafisha, mara za kudondosha, kilo za kuminya, na asilimia ya kupoteza oksijeni. Beba pia kilo tano za sampuli ileile uliyoipima. Kilo tano nyingine zifunge, zitie lakiri mbele ya shahidi, uziweke kwako. Mzigo wa kwanza ukibishaniwa, ndizo mtakazozifungua.